Jaribio Lililozimwa

Kampuni ya Wahi ilikuwa na vyumba viwili tu, juu ya duka la vifaa vya ujenzi la Bwana Surinder mjini Bungoma. Ukipanda ngazi ulipokelewa kwanza na harufu ya rangi na misumari, kisha ukawakuta mafundi sita wameinamia kompyuta zao kama kuku wanaodonoa mtama. Kazi yao ilikuwa imewapa sifa kuanzia Lwakhakha mpakani hadi Kitale. Walikuwa wametengeneza programu ya simu ya kuitia gari la wagonjwa. Mtu akibonyeza kitufe kimoja tu, simu ilituma mahali alipo, na gari lililokuwa karibu zaidi likaelekezwa kwake. Hapakuwa tena na haja ya kueleza njia huku mgonjwa akigaagaa, ati ukifika kwa kinu cha mahindi kata kushoto, halafu uulize kwa mama Fulani.

Mkuu wa mafundi hao alikuwa Mukhisa, mwanamume wa miaka thelathini na mmoja, mwepesi wa akili na mwepesi zaidi wa ulimi. Ni yeye aliyeunda kile walichokiita mtambo. Zamani, kila walipoirekebisha programu, iliwachukua wiki nzima kuikagua kwa mikono na kuwafikishia watu. Mtambo wa Mukhisa uliimaliza kazi hiyo kwa nusu saa. Fundi alituma msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha programu, seva ikaujenga, ikaufanyia majaribio mia tatu na kumi na mawili, na kila jaribio lililofaulu likawaka kijani. Yote yakiwa kijani, toleo jipya lilisafiri lenyewe hadi kwenye simu za watu, kwanza kwa wachache, kisha kwa wengine wote. Jaribio hata moja likiwaka nyekundu, mtambo ulisimama kama punda aliyegoma.

Aliyeandika majaribio mengi kati ya hayo alikuwa Ankita, binti wa kakake Bwana Surinder. Alikuwa mtulivu, mwenye macho ya kuona kombo la uzi. Miongoni mwa majaribio yake kulikuwa na moja aliloliita jaribio la kuhama. Lilifanya kana kwamba mtu amejiandikisha akiwa Bungoma, kisha akasafiri hadi Kitale na kuita gari akiwa huko. Swali lilikuwa moja tu: je, simu itatuma Kitale au itatuma Bungoma?

Mara nyingi jibu lilikuwa Kitale, na taa ikawa kijani. Lakini mara mojamoja, bila sababu iliyojulikana, taa ilikuwa nyekundu. Mukhisa akagundua kwamba akibonyeza "rudia" jaribio hupita. Basi ikawa desturi yake. Likianguka, alibonyeza. Likianguka tena, alibonyeza tena, huku akipiga mluzi.

"Jaribio linalopita mara nne na kuanguka mara moja halijapita, Mukhisa," Ankita alimwambia siku moja.

"Ni seva imechoka, bana," Mukhisa akamjibu. "Hata wewe ukiamshwa saa kumi na moja alfajiri, si utakosea hesabu?"

Mafundi wengine wakaangua kicheko. Ankita hakucheka. Aliomba apewe siku mbili achunguze chanzo chake. Mukhisa akasema atampa wakishamaliza kazi iliyokuwapo. Kazi hiyo ilipoisha ikaja nyingine, na nyingine, miezi ikapita.

Kisha ikaja habari iliyowatia wote wazimu wa furaha. Wakuu wa afya wa kaunti mbili wangekutana Kitale siku ya Ijumaa, katika ukumbi mmoja wa mikutano, kuiona programu ya Wahi ikifanya kazi mbele ya macho yao. Wakiridhika, wangeifanya ndiyo njia ya kuitia magari ya wagonjwa katika zahanati zote. Mukhisa alitaka wakuu hao waone toleo jipya lenye ramani nzuri zaidi. Siku ya Jumatano mchana alilituma kwenye mtambo.

Taa mia tatu na kumi na moja ziliwaka kijani. Moja ikawaka nyekundu. Lilikuwa jaribio la kuhama.

Alibonyeza rudia. Nyekundu. Akabonyeza tena. Nyekundu. Mara ya tatu alibonyeza kwa nguvu kama mtu anayeua kunguni. Nyekundu.

"Hii sasa si kuchoka," Ankita alisema akiwa amesimama nyuma yake. "Kuna kitu toleo hili limekifanya kibaya zaidi. Nipe leo na kesho."

"Kesho tuko safarini! Ankita, ni jaribio moja, moja tu, kati ya mia tatu. Tukirudi Jumatatu utalichimba mpaka uchoke."

Akalifungua faili la majaribio, akaandika neno moja mbele ya jaribio la kuhama, na mtambo ukaambiwa ulipite bila kulitazama. Taa zote zikawa kijani. Hakuishia hapo. Ili asiingie ukumbini huku nusu ya watu wakiwa na toleo la zamani, aliliruhusu toleo jipya liende kwenye simu zote kwa pamoja. Kufikia Alhamisi jioni lilikuwa limeshafika kila mahali. Ankita alilitazama lile neno moja kwenye kioo, akarudi kwenye kiti chake.

Mukhisa alikuwa na mke aliyeitwa Dinah, aliyekuwa na mimba ya miezi minane, mimba yao ya kwanza baada ya miaka mitano ya kungoja. Hakutaka kumwacha peke yake Bungoma, kwa hiyo Alhamisi walisafiri pamoja hadi Kitale, wakalala kwa Joan, dada yake Dinah, katika mtaa wa Matisi. Asubuhi ya Ijumaa Joan alienda kufundisha. Mukhisa alivaa koti lake jipya, akamuaga mkewe mlangoni.

"Ongea polepole," Dinah alimwambia akimnyoosha kola. "Ukishikwa na furaha huwa unaongea kama redio imeharibika."

Mukhisa akacheka, akaenda zake.

Ukumbi ulijaa pomoni. Mbele, kwenye kitambaa cheupe kikubwa, ilionyeshwa ramani ya kaunti zote mbili, na juu yake vijidoti vya buluu vilivyokuwa magari ya wagonjwa. Ankita aliketi pembeni na vipokea sauti masikioni ili kupokea simu za madereva. Mukhisa aliweka simu yake kimya mfukoni, akaanza kunena. Maneno yalimtoka kama maji ya bomba. Alieleza mtambo wake, akaeleza kasi yake, akaeleza jinsi majaribio mia tatu na kumi na mawili yanavyolinda kila toleo.

Ilikuwa yapata saa nne na robo alipokatizwa na mlio. Kidoti chekundu kilikuwa kimejitokeza kwenye ramani, Bungoma, upande wa Kanduyi. Mtu halisi, mahali halisi, alikuwa ameita gari.

"Waheshimiwa!" Mukhisa akapaza sauti. "Hili hatukulipanga. Tazameni wenyewe!"

Jina la mgonjwa halikuonyeshwa, kwa kuwa programu ililinda siri za watu. Kilichoonekana ni kidoti cha buluu kikigeuka, kikishika barabara, na maandishi chini yake: dakika tisa. Watu walinyoosha shingo. Dakika saba. Dakika nne. Mukhisa aliwasimulia safari hiyo kama mtangazaji wa mpira. Kidoti cha buluu kilipokigusa kile chekundu na neno "Limefika" likatokea, ukumbi mzima ulisimama na kupiga makofi. Mkuu mmoja alipiga meza kwa kiganja. Mukhisa aliinama kidogo kama bwana harusi.

Makofi yalikuwa hayajaisha Ankita alipopanda jukwaani. Uso wake ulikuwa mweupe kama jivu.

"Wamalwa yuko langoni," alimnong'oneza. Wamalwa alikuwa dereva wa lile gari. "Anasema nyumba imefungwa. Iko kufuri kubwa nje."

"Mwambie abishe kwa nguvu. Labda mgonjwa ameanguka ndani."

"Jirani ametoka. Anasema wenye nyumba walisafiri jana." Akasogea karibu zaidi. "Mukhisa, nimeiangalia nambari iliyoita. Ni ya Dinah. Wamalwa yuko nyumbani kwako."

Mukhisa alimtazama kama aliyesemeshwa kwa lugha ya nchi ya mbali. Nyumbani kwake hapakuwa na mtu. Dinah alikuwa Matisi, mwendo wa dakika kumi kutoka pale aliposimama. Aliitoa simu mfukoni. Simu saba hakuzipokea. Zote saba zilikuwa za mkewe.

Alimpigia. Iliita mpaka ikakatika. Nyuma yake makofi yalikuwa yangali yakipigwa, na kwenye kitambaa cheupe neno "Limefika" lilikuwa lingali liking'aa kwa herufi kubwa za kijani.

"Ni mke wangu," alisema, na kipaza sauti kilichokuwa mkononi mwake kikayapeleka maneno hayo hadi kona ya mwisho ya ukumbi. "Ameita gari. Yuko hapa Kitale. Gari limeenda Bungoma."

Makofi yakakoma. Wakuu walitazamana. Kisha mwanamke mmoja wa makamo akainuka katika safu ya pili. Aliitwa Chesang, afisa wa uuguzi. Hakusema neno ila, "Gari langu liko nje. Twende."

Matisi, langoni kwa Joan, waliwakuta wanawake watatu wamemzunguka Dinah kwenye mkeka. Khanga aliyofungwa kiunoni ilikuwa imelowa damu. Jirani mmoja, Jepkosgei, alimwona Mukhisa akishuka garini, akamjia juu kama simba mwenye watoto.

"Mlikuwa wapi?" alipiga ukelele, akiinua simu ya Dinah mbele ya uso wake. "Simu inasema gari imefika! Imefika wapi? Mimi nikasema tutafute gari ya mtu, akakataa! Akasema tungoje, dakika tisa, dakika nane! Tumengoja mpaka lini?"

Mukhisa alitazama ile simu. Ilikuwa imeandika vizuri, kwa Kiswahili alichokichagua mwenyewe: Gari limefika. Pole sana, sasa uko mikononi mwetu.

Chesang alikuwa ameshapiga magoti. Aliushika mkono wa Dinah, akaugusa tumbo, na uso wake ukabadilika. "Mbebeni," alisema. "Mbebeni sasa hivi. Dakika ishirini na tano zimepotea hapa."

Walimfikisha hospitalini akiwa hai. Madaktari walimkimbiza chumba cha upasuaji, wakamwongezea damu chupa kwa chupa. Mukhisa alisimama ukutani na koti lake jipya lililotapakaa madoa. Joan alifika akiwa na chaki vidoleni. Hakuna aliyemkaribia mwenzake.

Ilipofika saa nane daktari alitoka. Alisema kondo la nyuma lilikuwa limebanduka kabla ya wakati wake. Alisema mama atapona. Kisha akasema wamempoteza mtoto. Mtoto alikuwa msichana. Alikuwa ametimia kila kiungo, hata kucha. Angewahiwa nusu saa mapema, daktari alisema, pengine mambo yangekuwa mengine.

Jioni waliruhusiwa kumwona Dinah. Alilala akitazama dari. Mukhisa aliketi kando ya kitanda.

Dinah ndiye aliyeanza, kwa sauti ya chini. "Jepkosgei alitaka kumwita mtu wa pikipiki. Halafu akataka kuita gari ya mwalimu wa pale kando. Mimi ndiye nilimkataza. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, hii ni kazi ya mume wangu."

Alifumba macho. Mukhisa aliondoka chumbani akishika ukuta.

Siku hiyohiyo Ankita alikuwa ameizima programu nzima, akaamuru madereva wapokee simu za kawaida. Kisha aliketi katika ule ukumbi uliobaki mtupu, akaufungua msimbo na kulitafuta kosa. Alilipata. Ulikuwa mstari mmoja tu. Simu ikichelewa zaidi ya sekunde mbili kupata mahali ilipo, programu ilichukua mahali pa zamani palipohifadhiwa siku ya kujiandikisha, ikapatuma kana kwamba ndipo mwenyewe alipo. Ramani mpya nzuri ilikuwa nzito, ikazichelewesha simu nyingi zaidi. Jaribio la kuhama halikuwa limechoka hata siku moja. Lilikuwa likisema kweli tangu mwanzo. Kulipata na kulirekebisha kosa hilo kulimchukua Ankita dakika arobaini.

Jumatatu walikutana Bungoma. Barua ilikuwa imefika kutoka kwa wakuu wa afya, ikitaka maelezo kwa maandishi. Bwana Surinder alikuwa amefunga duka lake lililokuwa chini, akapanda ngazi na kuketi kati yao, mikono juu ya fimbo yake.

Fundi mmoja kijana, Kevin, alikohoa. "Si tuseme ni mtandao? Kitale mtandao ilikuwa inasumbua hiyo asubuhi. Nani atajua?"

Wachache walitikisa vichwa kukubali. Lilikuwa jibu rahisi, na kila mtu chumbani alikuwa na watoto au wazazi wa kulisha. Macho yote yakamgeukia Mukhisa. Alikuwa hajalala siku tatu, na macho yake yalikuwa mekundu kama pilipili iliyoiva.

"Hapana," alisema. "Mtandao haukuandika lile neno. Niliandika mimi."

"Mukhisa," Bwana Surinder alisema taratibu, "wewe unajua ukiandika hivyo, hii ofisi inaweza kufungwa?"

"Najua, Mzee."

"Basi andika kweli," mzee huyo alisema. "Mimi niliuza misumari miaka arobaini. Mtu akirudisha msumari mbovu sijawahi kumwambia ni nyundo yake."

Mukhisa aliandika. Alieleza jaribio la kuhama, jinsi alivyolipuuza, jinsi alivyolizima na jinsi alivyolisukuma toleo kwenye simu zote. Ili asiache kitu, alifungua kumbukumbu za mtambo na kuhesabu ni mara ngapi lile jaribio lilikuwa limeanguka. Alipomaliza kuhesabu alihisi kama amepigwa rungu kisogoni. Lilikuwa limeanguka mara kumi na tisa. Mara kumi na tisa taa nyekundu ilimwakia mbele ya macho, na mara kumi na tisa aliipuuza. Kumbukumbu zilionyesha pia kwamba kati ya Alhamisi na Ijumaa wagonjwa wengine wawili walitumiwa gari mahali ambapo hawakuwapo. Mmoja, mzee wa Kimilili, aliokolewa na jirani mwenye gari. Wa pili alijikongoja mwenyewe hadi zahanati.

Mtoto alizikwa Bokoli, katika shamba la kina Mukhisa, kwenye kaburi lisilozidi urefu wa jembe. Watu walikuwa wachache. Ankita alikuja na shangazi yake Gita, wakasimama nyuma na mitandio vichwani. Mukhisa alimwendea.

"Ulinionya," alisema.

Ankita alitikisa kichwa, machozi yakimtiririka. "Nilikuonya, halafu nikarudi kuketi. Nilikuona ukiliandika lile neno, Mukhisa. Nilikuona."

Waombolezaji walipotawanyika, Dinah alibaki kwenye kiti mbele ya nyumba, bado dhaifu, shali mabegani. Alimwomba mumewe nakala ya yale maelezo. Mukhisa alisita, kisha akampa. Dinah alisoma ukurasa hadi ukurasa bila haraka, kidole chake kikifuata mistari. Alipofika mahali pa zile mara kumi na tisa, kidole kikasimama.

"Mara ya kwanza kuanguka ilikuwa lini?"

Mukhisa alijua tarehe hiyo. Alikuwa ameitazama mpaka ikamwingia mifupani. "Mwezi wa pili. Tarehe kumi na nne."

Dinah alihesabu kwa vidole, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha akainua macho, na katika macho hayo hamkuwa na hasira. Mlikuwa na mshangao tu, mshangao mkubwa usio na mwisho.

"Hiyo ndiyo wiki alianza kucheza tumboni," alisema. "Nilikupigia ukiwa kazini nikuambie. Unakumbuka? Ukaniambia ningoje kidogo, kuna kitu kinakusumbua kwa kompyuta."

Mukhisa alikumbuka. Alikumbuka hata mluzi aliokuwa akiupiga. Akaketi chini kwenye nyasi, kichwa mikononi. Mkewe hakumgusa wala hakuondoka. Karatasi zilibaki mapajani mwake, zimefunguliwa kwenye ukurasa uleule.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo, mstari mmoja ambao mtu makini angeung'oa kwa dakika arobaini, lakini lilidharauliwa miezi mitatu na nusu mpaka likachukua uhai ambao hapana mtambo utakaourudisha. Wahenga hawakukosea: mdharau mwiba, mguu huota tende.